Kamina: intaneti inakaribia, lakini nani anawafundisha watafiti kutafuta?

Mwezi wa Mei 2025, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini Kongo (ARPTC) iliipa kampuni ya Starlink ruhusa ya kufanya kazi, mwaka mmoja hivi baada ya kuikataza. Kwa mji kama Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, habari hiyo ina uzito wake. Mwanafunzi anayeandaa maîtrise au udaktari huko yuko karibu kilomita 600 na maktaba za Lubumbashi kwa njia ya reli, na kila anayeijua reli ya SNCC anajua safari hiyo ni ya namna gani. Mtandao ukiwa mzuri, baadhi ya safari hizo zitapungua.

Hata hivyo kuna jambo ambalo haliletwi na satelaiti. Mwanafunzi akiisha kufungua mashine, ataandika neno gani? Na akipata kurasa elfu mbili, atajuaje ipi ni kazi ya mtafiti na ipi ni maneno ya mtu tu?

Swali hili limekuwa kali zaidi tangu mfumo wa LMD ulipoenezwa katika vyuo vyote vya nchi, mwaka wa masomo 2021-2022. Mfumo huo unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi, ile anayoifanya peke yake nje ya darasa, kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Zamani, katika miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, wengi waliishi kwa silabasi ya profesa. Somo la kuanzisha utafiti wa kisayansi lilikuwepo na bado lipo, lakini kwa kawaida linatumia saa nyingi kueleza hadhariatete, mbinu na jinsi ya kuandika rejea chini ya ukurasa. Jinsi ya kuipata hiyo rejea, mwanafunzi anaachiwa ajitafutie. Ni kama kumfundisha mtu kupika samaki bila kumwonyesha wavu.

Tuchukue mfano ulio karibu. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika wilaya za Bukama na Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba na maziwa ya bonde la Upemba. Mwanafunzi wa afya ya jamii akitafuta kwa Kifaransa, akiandika jina la ugonjwa na « Haut-Lomami », atapata kwa wingi habari za redio na taarifa za mashirika: wagonjwa wangapi wiki hii, wangapi wamekufa. Hizo zina faida, lakini hazielezi kwa nini ugonjwa haumaliziki. Mwaka 2008, Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walitoa katika jarida la Marekani, Emerging Infectious Diseases, utafiti uliotumia takwimu za Katanga na Kasai-Oriental na kuonyesha kwamba maeneo yaliyo kando ya maziwa ndiyo chanzo ambako milipuko inaanzia. Jarida hilo linasomwa bure. Lakini makala ni ya Kiingereza, na katika kichwa chake hamna neno Haut-Lomami wala Bukama. Anayetafuta kwa Kifaransa tu, na kwa jina la mkoa wake tu, anaweza kumaliza memwari yake bila kukutana nayo, huku ikiwa inazungumzia maji anayoyanywa.

Majina ndiyo mtego mkubwa wa Katanga, na ajabu ni kwamba hauzungumzwi sana. Haut-Lomami ikiwa mkoa ni ya mwaka 2015. Kabla ya hapo ilikuwa wilaya kubwa ndani ya Katanga, na kati ya 1971 na 1997 Katanga yenyewe iliitwa Shaba, ndani ya nchi iliyoitwa Zaire. Lubumbashi ilikuwa Élisabethville, Likasi ilikuwa Jadotville, Kalemie ilikuwa Albertville, Ilebo ilikuwa Port-Francqui. Anayefanya utafiti juu ya reli iliyoifanya Kamina kuwa njia panda hawezi kutosheka na jina la SNCC. Lazima atafute pia BCK, kampuni iliyofikisha reli Bukama mwaka 1918 na Port-Francqui mwaka 1928, halafu SNCZ ya miaka ya Mobutu. Kila jina linafungua kabati lake, na asiyejua jina la zamani anaandika kwamba « hakuna aliyewahi kushughulikia jambo hili ». Sentensi hiyo imejaa katika memwari zetu. Mara nyingi si kweli.

Hata kabila linaleta utata. Andika « Luba » na mashine itakumwagia Kasai: Ciluba, Mbuji-Mayi, Kananga. Mtafiti wa Kamina anahitaji Kiluba, Luba-Katanga, au maneno ya ndani zaidi kama lukasa, ule ubao wa kumbukumbu wa Waluba, au Sanga, pale kwenye ziwa Kisale ambapo wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957. Neno moja sahihi linapunguza kazi ya siku tatu.

Kiswahili nacho kisidharauliwe. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa maboi wa wazungu kilitoa historia ya Élisabethville, imepigwa kwa mashine, katika Kiswahili cha Katanga, chini ya jina la André Yav. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990, na leo inasomwa bure kwenye intaneti. Haitaonekana kwa anayedhani kwamba elimu inaandikwa kwa Kifaransa peke yake.

Upande wa majarida ya kulipia, mlango upo wazi kuliko wengi wanavyofikiri. Mpango wa Research4Life ulianza mwaka 2002 na Hinari, ya mambo ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani. Baadaye ikaja Agora ya kilimo, kisha mazingira, teknolojia, na mwaka 2018 Goali ya sheria. Kongo iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi kitu. Kuna pia Persée, yenye majarida ya zamani ya Kifaransa, na African Journals Online, inayokusanya majarida ya Afrika. Shida ni kwamba Research4Life haimwandikishi mwanafunzi mmoja mmoja. Inaandikisha taasisi, halafu taasisi inagawa neno la siri kwa watu wake. Mahali ambapo neno hilo limebaki katika droo ya ofisi moja, ni sawa na kutokuwa nalo.

Na sasa pengo hilo limepata wa kulijaza. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuomba orodha ya vitabu kumi juu ya Kamina na kuipata kwa sekunde chache: mwandishi, mwaka, mchapishaji, kila kitu mahali pake. Baadhi ya vitabu hivyo havipo duniani. Programu hizi hukosea zaidi pale ambapo maandishi kwenye mtandao ni machache, na Haut-Lomami ni mahali pa namna hiyo. Profesa anayesafiri kutoka Lubumbashi kufundisha wiki mbili, na memwari thelathini mezani, hana nafasi ya kuhakiki kila rejea. Aliyefundishwa kutafuta atagundua uongo huo kwa dakika tano: anatafuta kichwa cha kitabu, hakionekani kwenye orodha ya maktaba yoyote, anakifuta.

Kinachokosekana si vyombo tu. Ni saa zilizoandikwa kwenye ratiba, pointi zinazohesabiwa, na mtu mwenye kazi hiyo. Mara nyingi msimamizi wa maktaba anachukuliwa kama mlinzi wa funguo, wakati yeye ndiye angekaa na wanafunzi wa maîtrise mbele ya mashine na kuwaonyesha jinsi ya kubadilisha majina, lugha na miaka. Yeye pia angeandika kwenye jedwali moja memwari zote zilizotetewa chuoni, ambazo nyingi zipo kwenye karatasi tu, ili wa mwaka huu asirudie kazi ya wa miaka mitano iliyopita. Kazi hiyo haingoji Starlink.

Fomu ya kujiandikisha Research4Life inajazwa na taasisi yenyewe. Kati ya majina inayoyauliza, kuna la msimamizi wa maktaba.