Kipimo cha ngozi cha TB kikiwa chanya, je, unaumwa?

Mtu mmoja nyumbani akigundulika kuwa na kifua kikuu, wengine hujiuliza mara moja: na sisi je? Idete, kama kwingine katika Bonde la Kilombero, swali hilo lina uzito wake. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani kwa wiki au miezi, zikilala kwenye kibanda kimoja, mbali na zahanati.

Mojawapo ya vipimo vinavyotajwa ni kile cha ngozi. Mhudumu huchoma tuberkulini kidogo sana, sehemu ya kumi ya mililita, ndani ya ngozi ya mkono. Mtu hurudi baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu, si wekundu. Kwa kawaida milimita 10 au zaidi ni chanya. Kwa anayeishi na VVU, milimita 5 zinatosha. Asiyerudi ndani ya muda huo itabidi aanze upya, na kwa aliye shambani hilo si jambo dogo.

Sasa, chanya maana yake nini? Maana yake mwili umewahi kukutana na vimelea vya TB na unavikumbuka. Basi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Wengi wao vimelea vimelala: hawakohoi, hawaambukizi mtu. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 ndio huugua katika maisha yao, ila hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo na wenye VVU. Kwa hiyo kumtengea sahani na kikombe mtu mwenye jibu chanya, asiye na dalili, ni kumwonea tu.

Chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa, nayo inaweza kufanya mkono uvimbe. Na jibu hasi halimsafishi mtu. Mwenye kinga dhaifu, mtoto mwenye utapiamlo, au aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kuwa na vimelea na mkono usivimbe.

Ugonjwa wenyewe hutafutwa kwa dalili, makohozi na picha ya kifua. Kikohozi, homa, kutoka jasho usiku na kukonda ndivyo vya kuangalia, hata kama mkono haukuvimba.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa ni kusubiri kipimo hiki, ambacho hakipatikani kila kituo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haidai kipimo cha ngozi kabla ya kumpa dawa ya kinga mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, wala mtu mwenye VVU. Kinachodaiwa ni kuhakikisha kwanza kwamba haumwi TB, kwa sababu dawa ya kinga peke yake haitoshi kumtibu mgonjwa, na inaweza kuzalisha vimelea sugu.

Dawa hiyo inaweza kuwa isoniazidi, inayomezwa kila siku kwa miezi 6. Familia inayokaribia kuhamia shambani imweleze mhudumu mapema, ili ipange naye dawa zitapatikana wapi.