Pimeni cheche kabla ya kununua vipuri



Nina dukuduku kuhusu jinsi baadhi ya mafundi wetu wanavyotengeneza Land Rover za zamani za petroli. Magari haya, hasa yale ya Series III yaliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, bado yapo huku milimani, na kuna vijiji ambavyo mgonjwa hana gari jingine la kumteremsha.

Gari la zahanati moja ya huku Lushoto lilikuwa likizima kila likipanda mlima kwa muda wa saa moja hivi. Likipumzika nusu saa, linawaka. Lilipelekwa gereji likabadilishwa kabureta, kisha pampu ya petroli, mwisho betri. Kila mara lilirudi na hati ya malipo, na kila mara lilizima tena kwenye mlima ule ule. Fedha hizo zilikuwa michango ya wanakijiji. Siku moja lilizima na mama mja mzito ndani, ikabidi abebwe kwa machela njia yote iliyobaki.

Je, ndugu mafundi, huko ni kutengeneza gari au ni kubahatisha?

Gari lile lilikuwa likipimwa asubuhi, injini ikiwa baridi! Koili inayokufa kwa joto hutoa cheche nzuri ya buluu asubuhi. Nyaya zake nyembamba za ndani zikipata moto ndipo hukatika au kuvujisha umeme, na zikipoa zinashika tena. Kondensa nayo huweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo gari la namna hii liendeshwe mpaka lizime, na boneti ifunguliwe papo hapo kabla halijapoa. Tulipofanya hivyo tukakuta cheche ya njano, dhaifu. Tukaazima koili ya gari jingine, tukaifunga pale pale njiani, likawaka. Ndipo ikanunuliwa koili mpya, na mpaka leo linapanda.

Kupima hakuhitaji mtambo. Balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha. Waya mmoja ufungwe upande wa koili unaokwenda kwenye distribuita, wa pili kwenye chuma cha injini, swichi iwashwe na stata izungushe injini. Balbu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi. Ikikaa giza, umeme haufiki kwenye koili, au pointi hazifunguki, au waya wake umegusa bodi. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazigusani vizuri. Zisafishwe na kurekebishwa. Nafasi yake katika distribuita za Lucas za magari haya ni milimita 0.35 hadi 0.40. Na fundi anayebadilisha pointi kila mwezi kwa sababu zinaungua aitazame kondensa, maana hiyo ndiyo inayoziunguza.

Rota pia isisahaulike. Siku hizi zinauzwa rota mbovu zikiwa mpya ndani ya boksi, zinavujisha umeme kupitia ribiti ya shaba iliyo juu yake. Wengine hudhani kipya ni kizima.

Wapo watakaosema dawa ni kununua gari la dizeli. Ni kweli dizeli haina plagi, lakini zahanati yenye gari moja haiwezi kulitupa kwa sababu ya koili.

Mafundi wengine wamenijibu kwamba mteja ana haraka, hasubiri vipimo. Mbona alisubiri majuma sita vipuri vitatu visivyohusika?

Kwa hiyo nawaomba wakuu wanaosaini hati za malipo ya gereji, katika zahanati, shule na vyama vya ushirika, wamwulize fundi kabla ya kusaini: ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba kabureta ni mbovu? Jibu liandikwe kwenye hati hiyo hiyo, na kipuri cha zamani kirudi pamoja na gari. Fundi mwenye kazi yake hatachukia kuulizwa.

Dereva Mstaafu,
Lushoto.