Mguu Hajauliza?

Desemba iliyopita bibi mmoja, jirani yangu hapa Majengo, aliniita uani akanipa simu yake. "Mjukuu wangu, hebu nisomee. Ni mjomba wako wa Dar." Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mistari sita ya nyota, kengele na baraka, na chini limebaki jina la mtu tusiyemjua, huyo aliyeutuma wa kwanza.

"Anakutakia Krismasi njema, bibi."

Akangoja. "Basi? Mguu wangu hajauliza?"

Toleo hili la mwisho wa mwaka limezaliwa na swali hilo.

Wenye Kiingereza chao wenyewe hawatakiani heri kwa namna moja. Uingereza utasikia sana Happy Christmas. Marekani ni Merry Christmas, na wengi siku hizi, maduka hasa, husema Happy Holidays kwa kuwa si kila mteja ni Mkristo. Sisi tunazipokea zote na kuzirusha kwa namba mia mbili kwa mpigo, ilhali mkoa wetu wa Ruvuma una salamu zake, kila upande na yake. Peramiho, walikokita Wabenediktini tangu 1898, Wakatoliki hutakiana Noeli njema. Mapadre wale walikuwa wa lugha ya Kijerumani, na kwao sikukuu hiyo ni Weihnachten. Noeli ni neno la Kifaransa, na Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868; huenda lilianzia huko pwani. Neno dogo, safari ndefu! Teremka Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana waliolelewa na misheni ya UMCA, ni Krismasi. Tunduru, kwenye Waislamu wengi, siku kubwa ni Idi.

Songea mjini wote hao hukutana, na pale stendi, mizigo ya Mbinga ikipandishwa, utasikia "Sikukuu njema!" Mkristo humwambia Mwislamu, Mwislamu humwambia Mkristo, kila mmoja kwa siku ya mwenzake. Hatukuhitaji mjadala kulipata neno hilo.

Lakini kwangu kubwa zaidi ni lile linalofuata. Heri ya Kiingereza ikishatamkwa imekwisha. Yetu ndiyo kwanza inaanza: Mmekula sikukuu salama? Watoto hawajambo? Mvua huko? Hadi katikati ya Januari tunaulizana bado "Za sikukuu?", na anayeuliza husimama asikie jibu. Siwakatazi wenye rafiki Leeds au Chicago. Waandikieni kwa lugha yao, tena vizuri. Ninachokataa ni kumtumia mzazi maneno asiyoweza kuyajibu, kisha tukahesabu kwamba tumemsalimu.

Jioni ile nilimpigia mjomba, nikampa bibi simu. Waliongea robo saa: mguu, mbolea ya mahindi, mjukuu aliyeota meno. Ya Krismasi sikuyasikia, ila bibi alipokata simu aliniita tena uani, akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti.