Glavu za Madereva Wetu



Karafuu zetu za msimu uliopita zilifika vituoni salama, zikapimwa, na fedha zikalipwa. Kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini mikono ya waliotubebea haikufika salama yote. Dereva mmoja alikuwa akivuta gunia usiku, akakatwa kiganja na waya uliochomoza kwenye ubao wa nyuma wa gari, akakaa wiki mbili hawezi kushika usukani. Alikuwa amevaa glavu. Na glavu hizo tulimnunulia sisi.

Zilikuwa za uzi mtupu, tulizozichukua kwa sababu zilikuwa rahisi kupita zote dukani. Katika siku ya nne vidole vilikwisha toboka. Tukanunua nyingine, nazo zikaenda njia hiyo hiyo, na kufika mwisho wa msimu tulikuwa tumetoa fedha ambazo zingetosha kununua zilizo imara.

Wako wenzetu wasemao kwamba wazee wetu walichukua makanda na magunia kwa mikono mitupu na hawakufa. Ni kweli hawakufa. Lakini anayekumbuka viganja vya wazee hao, na vidole visivyonyooka, hatatoa hoja hiyo mara ya pili.

Basi tufikiri kazi yenyewe. Gunia la juti husugua. Kamba ya kufungia turubali huunguza kiganja ikiteleza. Mbao za gari zina vibanzi na misumari. Kwa hivyo glavu itakayotufaa ni ile inayostahimili kusuguliwa, kuchanwa na kutobolewa, na ambayo bado yamwacha mtu ajue alichokishika. Zilizopimwa kwa kanuni ya Ulaya, EN 388, huwa na picha ya nyundo ndani ya ngao, na chini yake tarakimu nne: ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanwa, ya nne kutobolewa. Daraja la juu ni 4, ila la kukatwa hufika 5. Tangu mwaka 2016 huenda ikafuata herufi, A mpaka F, ambayo ni kipimo kingine cha kukatwa. Penye X, hapakupimwa. Kwa magunia sisi twaona isipungue 3 katika tarakimu ya kwanza, na muuzaji asiyeweza kuonyesha alama hiyo tumwage kwa heri.

Tutazame pia mshono. Glavu huanza kufa pale kidole gumba kinapokutana na cha shahada, na kwenye ncha za vidole. Palipoongezwa kipande cha pili cha ngozi, hudumu. Ngozi ya ng'ombe ni nzuri, lakini ikilowa mvua kisha ikaanikwa juani, au juu ya injini kama tulivyoona, hukakamaa na kupasuka. Ianikwe kivulini. Zile za kufuma zilizopakwa naitraili kiganjani hazijali mvua wala mafuta ya gari, tofauti na mpira wa asili, ambao dizeli na grisi huuharibu.

Na hapa tuna neno letu wenyewe wakulima. Glavu iliyobadilishia gurudumu isishike gunia. Nani atakayenunua karafuu inayonuka dizeli? Kila gari liwe na jozi mbili, moja ya magunia na moja ya ufundi. Wala asiivae mtu glavu karibu na feni au mkanda wa injini inayozunguka, maana hapo ndiyo itakayouvuta mkono.

Kipimo nacho kisisahauliwe. Zungusha uzi kiganjani chini ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Inchi 8 ni namba 8. Tulinunua namba moja kwa watu wote, na mautingo vijana walizivua kwa sababu ziliwapwaya.

Limebaki suala la nani atoe fedha. Wako walionena kwamba dereva ajinunulie. Sisi hatukubali. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Hata kama usingekuwako, gunia ni letu, na faida ya gunia ni yetu.

Twaomba mkutano ujao uamue jambo hili kabla ya kuchuma kuanza. Zinunuliwe jozi chache za ngozi na chache za naitraili, wapewe madereva wa magari mawili kwa mwezi mmoja, kisha waulizwe wao. Wanachama wenye magari waje na vipimo vya mikono ya watu wao, vimeandikwa kwenye karatasi.