WANAHESABU BEI YA ATOMIKI, WANASAHAU MUCHIMBAJI

Wandugu wa migodi na wa mitaa,

Mwezi wa 12 mwaka 2023, kule Dubai, inchi zaidi ya 20 ziliahidi kuongeza umeme wa atomiki mara tatu mpaka mwaka 2050. Wakubwa walipiga makofi. Wanasema: hauna moshi, hauui watu sawa makaa ya mawe, na bei yake itashuka.

Juu ya makaa ya mawe, wanasema kweli. Lakini bei! Mimi ni karani wa mugodi. Ninajua ginsi kitu kinavyofanywa rahisi: mustari mumoja unaachwa inje ya kitabu.

Mustari huo uko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe yake yaliingia katika bomu ya Hiroshima, mwaka 1945. Baba zetu waliyachimba na kuyapakia. Nani aliwaambia ni mawe gani? Mugodi ulifungwa mbele ya uhuru wa 1960. Kisha watu wakarudi juu ya njaa, wakatafuta kobalti kwa mikono, na mwezi wa 7 mwaka 2004 udongo ukawaangukia, ukaua. Wakubwa wakitaja hatari wanataja Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011. Hawa wetu hawatajwi.

Watatujibu: tukilinda wachimbaji, umeme utakuwa ghali. Uongo! Uraniumu ni sehemu ndogo tu ya bei ile. Gharama kubwa ni kujenga. Finland walianza mashini moja mwaka 2005, iwe tayari 2009. Ilianza kazi kamili mwaka 2023. Wafaransa walianza yao ya Flamanville mwaka 2007, ikatoa umeme mwezi wa 12 mwaka 2024. Lakini Wakorea, kule Emirati, walijenga nne za namna moja, moja nyuma ya ingine, na sasa zinatoa karibu robo ya umeme wa inchi ile. Fasi ya kupunguza bei ni pale, si katika mapafu ya muchimbaji.

Hata Kinshasa ilipata mashini ya atomiki mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika. Ilikuwa ya masomo. Haikuwasha taa hata moja ya kampi.

Basi, mbele ya jiwe moja la uraniumu kutoka tena Katanga, tunataka hewa safi inayosukumwa ndani ya shimo, maana gesi ya radoni inaleta kansa; kipimo cha mionzi kwa kila mutu, na hesabu yake aisome mwenyewe; daktari hata kisha kazi kuisha; na umeme katika nyumba za wale wanaochimba. Waandike mustari huo katika kitabu, kisha watuonyeshe bei.