Tusiuze dawa kama nyanya

Rwanda ilianza mwaka 2009 kuwachanja watoto dhidi ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika. Lakini bakteria hao wana aina zaidi ya 90, na chanjo iliyofuata mwaka 2011 hukinga aina 13. Zilizobaki tunazitibu kwa antibiotiki.

Ndugu mfanyabiashara unayevuka kati ya Rubavu na Goma, usibebe amoksilini kapuni ukaiuze rejareja. Vidonge viwili vitatu haviponyi. Vinawazoesha bakteria dawa, na bakteria sugu haombwi kitambulisho mpakani. Mtoto akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya, na amalize dozi.