Mtoto Si Chombo cha Kuombea Feza

Katika miji yetu, iwe Lubumbashi, Bukavu ao Goma, mwenye mashini ya foto hapati shida kuona watoto. Wako njiani kwenda shuleni na mashati meupe. Wako bombani wakiteka maji. Wako uwanjani wakisukuma magari ya waya waliyojitengenezea. Lakini foto zinazopelekwa mbali zinaonyesha nini? Kamasi, matambara na machozi. Kicheko kinaachwa nyuma, maana hakileti feza.

Twasema wazi: kazi hiyo ni uongo, hata kama kila foto peke yake ni ya kweli. Anayechagua machozi tu katika siku nzima ya mtoto anamsingizia mtoto huyo, na wazazi wake pamoja naye.

Wengine watajibu: «Bila foto za namna hiyo, nani atatusaidia?» Basi tumtazame Lewis Hine, mwalimu wa Marekani. Tangu mwaka 1908 alipiga foto za watoto waliofanya kazi viwandani na waliouza magazeti barabarani. Hakuficha taabu yao. Lakini aliwauliza jina, umri na kazi, akayaandika majibu yao. Aliwaficha wenye viwanda nia yake, apate kuingia, watoto aliwasikiliza. Foto zake hazikuomba sadaka, ziliomba haki. Ziliwasaidia waliodai sheria, na mwaka 1938 sheria ya Marekani nzima ikazuia kazi ya kuwaonea watoto.

Nasi tuna sheria. Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, nchi yetu iliyakubali mwaka 1990, na kifungu cha 16 kinalinda heshima ya mtoto. Kwa hiyo anayekuja na mashini yake aombe ruhusa kwa mama, amwulize na mtoto mwenyewe, kisha awaletee foto waione. Jina alitunze katika daftari yake, asilitangaze ovyo.

Na sisi wa parokia tusijidanganye kwamba neno hili ni la wageni tu. Siku ya kugawa unga na nguo, mbona tunawapanga watoto wa maskini mstari mbele ya telefone? Yezu alitufundisha kutoa sadaka kwa siri, nasi tunapiga tarumbeta hata kwenye intaneti!

Mtoto ameumbwa kwa sura ya Mungu. Anayetaka kuichukua sura hiyo aichukue kwa heshima. Kama hawezi, aache.